Hendibreki ya Kombi imekamata: tafuta kwanza ilipokwama

Kombi ya zamani ikija gereji kwa ajili ya hendibreki, mara nyingi mtu mwingine ameshaikaza. Mpini ulikuwa unavutika mpaka mwisho, fundi akaingia chini, akazungusha nati, gari likashika. Wiki chache baadaye gurudumu la nyuma linanuka kuungua, na mwenye gari anaambiwa kebo imekufa. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kununua kebo, jua inavyofanya kazi.

Nazungumzia Volkswagen ya kizazi cha pili, ile ya kioo kimoja kipana mbele, iliyoundwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979. Mpini uko chini ya dashibodi: unauvuta, na ukitaka uachie unauzungusha. Chini ya sakafu mvuto unagawanywa kwenye kebo mbili ndefu, moja kwa kila gurudumu la nyuma, nazo zinapita ndani ya mabomba ya chuma. Zikikaribia gurudumu zinatoka bombani na kuingia kwenye ala inayopindika, yaani mfuko mwembamba unaoikinga kebo, ili zifuate gurudumu likipanda na kushuka.

Mara nyingi ugonjwa unaanzia kwenye ala hiyo. Gurudumu linairushia maji na matope, ganda lake linapasuka, waya wa ndani unashika kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo waya unabanwa ndani ya ala. Kwetu pwani, chumvi inaharakisha kazi hiyo. Sasa angalia: kuvuta unavuta kwa mkono wako wote, lakini kurudisha kunategemea springi ndogo zilizomo ndani ya dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndiyo maana kebo inayoanza kuganda bado inashika vizuri, ila haiachii.

Weka gari mahali tambarare, tia kabari magurudumu ya mbele, nyanyua nyuma na uegemeze kwenye stendi, si jeki peke yake. Achia mpini, legeza nati za kebo. Dramu ikigoma kutoka, rudisha nyuma nyota, vile vigurudumu vyenye meno vya kurekebisha breki shuu (vipande vilivyopinda vinavyobana dramu kwa ndani), kwa bisibisi, kupitia matundu ya bamba la chuma lililo nyuma ya dramu. Usiigonge nyundo kwa hasira. Na vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa: breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake linaua mapafu. Lilowanishe, ulipanguse kwa kitambaa.

Ndani utaona kebo imenasa kwenye mkono mdogo wa chuma ulioshikizwa kwenye breki shuu. Itoe hapo. Mkono ukirudi wenyewe, mwenye kosa ni kebo. Ukibaki pale pale, pini yake ndiyo iliyoganda, na hiyo inasafishwa kwa brashi ya waya na tone la grisi. Hakuna haja ya kununua kitu.

Kebo iliyoganda mimi siifufui. Mafuta ya kulegeza kutu yataifanya icheze leo, lakini kutu iko ndani na maji yatarudi. Ukiipasha moto unaunguza ala. Badilisha zote mbili, maana zimezeeka pamoja. Kabla ya kuchomoa ya zamani, funga waya mwembamba imara kwenye ncha yake ya mbele; ikitoka nyuma, waya utabaki bombani, na utautumia kuvuta mpya. Raba inayoziba mdomo wa bomba isisahauliwe.

Kukaza kuna mpangilio wake, na hapa ndipo yule fundi wa kwanza alipokosea. Anza na breki shuu: kaza nyota mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke likigusa kwa mbali. Kanyaga pedali mara kadhaa, upime tena. Hapo ndipo ukaze kebo, pande zote sawa. Breki shuu zikiwa zimelika na wewe ukaficha pengo kwa kukaza kebo, mkono ule wa ndani unabaki umevutwa kidogo muda wote, dramu inapata moto hata kama kebo ni mpya.

Gari la kukaa miezi bila kutembea liegeshwe kwa gia na kabari, hendibreki ikiwa imeachiwa. Breki shuu zilizobanwa muda mrefu kwenye unyevu hugandana na dramu, na hapo hata kebo nzuri haitakusaidia.