Ulinzi wa nyumba kwa bajeti ndogo: anza na fremu ya mlango

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "niwe na silaha gani ndani?" Muulizaji huwa tayari ana panga au bastola kichwani. Jibu langu halibadiliki: fedha ya kwanza iende mlangoni. Anayevunja nyumba usiku, iwe Dar es Salaam au Mwanza, anahitaji muda na ukimya. Mnyime vyote viwili. Kila kifaa nakipima hapo: kinamchelewesha? Kinaamsha watu? Au kinanilazimisha nipambane naye gizani? Cha aina hiyo ya tatu sikishauri.

Mlango ukipigwa teke, mara nyingi kitasa kinabaki kizima. Kinachochanika ni mbao ya fremu, pale ulimi wa kitasa unapoingia, kwa sababu kibati kinachoupokea kimeshikwa na skrubu mbili fupi ambazo hazijagusa ukuta. Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha kitasa. Toa kibati hicho, weka kirefu cha sentimita 20 hivi chenye matundu manne au zaidi, kisha tumia skrubu za inchi 4 zipenye fremu na kuingia kwenye tofali, pamoja na plagi zake za plastiki za ukutani. Toboa kwanza kwa biti nyembamba kuliko skrubu, maana mbao ngumu kama mninga hupasuka ukiilazimisha. Gonga fremu kuanzia juu hadi chini. Ikisikika wazi kwa nyuma, fundi hakujaza saruji. Jaza kabla ya kufunga chochote, la sivyo skrubu ndefu zitaelea hewani.

Upande wa pili kuna bawaba: ziwe tatu, za inchi 4. Kama mlango unafunguka kwa nje, pini za bawaba ziko nje pia, na mtu mwenye nyundo na msumari anazitoa bila kugusa kitasa chako cha gharama. Kwa mlango wa chuma, chomelea vichwa vya pini. Kwa wa mbao, funga bolti fupi kwenye ubavu wa mlango upande wa bawaba, itokeze milimita 10 na iingie kwenye tundu la fremu mlango unapofungwa. Hata pini zikitoka, mlango haung'oki.

Kwenye geti, chagua kufuli ambalo mwili wake unafunika karibu upinde wote, ili mkasi wa chuma ukose pa kung'ata. Komeo linaloshika kufuli lifungwe kwa bolti zinazopenya geti na nati zikae ndani. Nimeona makufuli mazito mno yakining'inia kwenye komeo la skrubu nne za nje, ambalo bisibisi inalimaliza.

Madirishani, nondo za milimita 12 zinatosha, nafasi kati yake isizidi sentimita 10. Jihadhari na grili za skwea paipu nyembamba: zinapendeza zikipakwa rangi, ila ndani ni tupu na hupinda. Hata nondo imara hutanuliwa kwa jeki ya gari ikiwekwa katikati ya mbili, ndiyo maana lazima flatibaa (vyuma bapa) za kulala zizifunge kila baada ya sentimita 40. Miguu ya grili iingie ukutani angalau sentimita 8 na kuzibwa kwa saruji. Grili iliyoshikiliwa na fremu ya aluminiamu peke yake ni pambo. Vioo vya kuteleza navyo huweza kunyanyuliwa vikatoka kwenye reli. Kata fimbo ulaze kwenye reli ya chini, na weka skrubu kwenye reli ya juu ipunguze nafasi ya kunyanyuka.

Sasa jambo ambalo naomba lisirukwe. Nyumba yenye grili kila dirisha na mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli ni mtego siku ya moto. Walau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na grili ya bawaba inayofunguka kama mlango, kufuli likiwa ndani. Funguo zake zining'inie mahali pamoja, mbali na dirisha kiasi kwamba fimbo yenye ndoano haifiki, lakini mtoto wa miaka kumi azifikie gizani. Mfundishe kufungua, naye afungue mwenyewe ukimtazama.

Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 10 kila usiku inakula chini ya uniti 3 za LUKU kwa mwezi. Ifunge mita 3 juu na uikinge kwa wavu wa chuma, maana balbu inayofikika kwa mkono huzungushwa ikatolewa. Taa ya sola yenye sensa ya mwendo ielekezwe ili mtu apite mbele yake kwa kukatiza. Sensa hizo zinahisi vizuri zaidi mwendo wa kukatiza kuliko wa kuijia moja kwa moja. Usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi.

Kwa kelele, kengele ndogo ya sumaku ya mlangoni inafaa sana kwa bei yake. Sehemu zake mbili zikiachana zaidi ya sentimita moja hivi, inalia, kwa hiyo mlango uliolegea utakuamsha bure hadi uizime na kuisahau. Kaza mlango kwanza. Weka filimbi kila chumba, na mkubaliane na majirani ishara moja: ikilia mara tatu, kila nyumba iwashe taa na mtu apige 112. Kundi la WhatsApp halimwamshi aliyelala. Mbwa wa kienyeji anayebweka anatosha, mradi achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka.

Kuna wanaounganisha umeme wa nyumbani moja kwa moja kwenye geti au seng'enge. Usifanye hivyo kabisa. Uzio halali wa umeme una mashine inayotoa mapigo mafupi mno, takriban moja kwa sekunde, na mwanya kati ya pigo na pigo humruhusu mtu kujinasua. Volti 230 za ukutani hazina mwanya. Zinambana aliyeshika, na anaweza kuwa mwanao aliyefuata mpira.

Panga chini ya kitanda lina hatari mbili: kunyang'anywa, na kumkata ndugu aliyeamka kwenda chooni. Bunduki inahitaji leseni chini ya sheria ya silaha ya 2015 na mahali salama pa kuitunza, gharama ambayo ingekulipia mlango na madirisha yote. Kanuni ya Adhabu inakuruhusu kutumia nguvu ya kadiri inayohitajika kujikinga, na inakuwajibisha ukizidisha. Mtu aliyekwisha kukamatwa na kufungwa kamba hahitaji kipigo; mpelekeni kwa polisi au mwenyekiti wa mtaa akiwa hai.

Badala ya panga, andaa chumba kimoja: mlango wenye kitasa kizuri, makomeo mawili kwa ndani, simu yenye chaji na salio, tochi na filimbi. Watoto walale humo au jirani nacho. Ukisikia mtu yuko sebuleni, jifungieni, piga simu, piga filimbi, na usitoke kuokoa televisheni. Akikukuta ana kwa ana na silaha mkononi, mpe anachotaka, mikono yako ionekane, na usimzibie njia ya kutokea.