Envelopu filta siyo wawa, na mara nyingi filta yenyewe haijafa

Hapa Mwanza kila pedali (kile kisanduku cha kubadilisha sauti ya gitaa) inayolia "wau" inaitwa wawa. Bendi za hotelini, wapigaji wa kanisani, mafundi, wote ni wawa tu. Yenye kanyagio wawa, kisanduku kisicho na kanyagio nacho wawa. Nimeliacha lipite muda mrefu ila sasa kuna dogo wa besi kule Kirumba kaambiwa na fundi kwamba wawa yake "imekufa filta, tafuta nyingine", na ukiichomeka ukasikiliza, filta ni nzima kabisa. Hela ya watu inapotea kwa sababu ya jina, kwa hiyo tuliongee hili.

Envelopu filta ni filta ya sauti, yaani saketi inayozuia sehemu ya sauti na kuachia nyingine, ila hii inajifungua na kujifunga yenyewe kwa kufuata nguvu unayopigia nyuzi. Ukigonga kwa nguvu inafunguka sana, nota ikififia inarudi kujifunga. Maana yake ndo hiyo.

Sasa wawa. Vox walianza kuiuza 1967, na ndani yake kuna filta kweli, ila anayeisogeza ni mguu wako, kanyagio linazungusha potenshometa (rezista ya kuzungusha, kama ya nobu ya voliyumu) basi. Haijali umegonga au umepapasa, ukiacha kukanyaga inabaki palepale. Ikianza kukwaruza mara nyingi ni potenshometa imechafuka, unasafisha au unabadilisha, unaendelea na kazi. Kwenye envelopu filta mguu haupo kabisa, nafasi yake imechukuliwa na saketi ya pili inayokaa pembeni ya filta ikisikiliza unavyopiga. Hiyo saketi ndo watu wanaisahau. Inachukua kipande cha sauti yako, inakipitisha kwenye dayodi, inayoruhusu umeme upande mmoja tu, kapasita inayohifadhi umeme kidogo inalainisha, na kinachotoka siyo sauti tena, ni volti inayopanda ukigonga na kushuka nota ikiisha. Huko kupanda na kushuka ndo envelopu. Volti hiyo ndo inayosukuma filta.

Mfano mzuri ni Mu-Tron III, iliyotoka kwa Musitronics wa Marekani mwaka 1972, aliyeibuni ni Mike Beigel. Mle ndani volti inawasha kitaa kidogo, kitaa kinamulika rezista inayobadilika kwa mwanga, na rezista hiyo inasogeza filta. Stevie Wonder aliipitishia klavineti, kinanda cha umeme, mpiga besi Bootsy Collins akaipitishia besi, na ile sauti inayotamka kama mdomo wa mtu inatoka kwenye vidole vyao, siyo mguuni. Ndo maana inaniuma mtu akisema ni wawa "ya otomatiki" na kuishia hapo. Hata neno otowawa lina shida, maana vipo visanduku vya jina hilo ambavyo filta inaenda kwa mwendo wake wa kujipangia, haifuati mkono. Kuvijua ni rahisi, piga nota moja ndefu uiache, ikiendelea kufunguka na kufunga kwa spidi ileile hiyo siyo envelopu filta.

Kwa hiyo ndani ya boksi kuna vitu viwili, msikilizaji (ile saketi ya pili) na filta, na ugonjwa wa kila mmoja ni wake. Sauti ikipita lakini imezibwa kama mtu anaongea ndani ya blanketi, na haifunguki hata ugonge vipi, basi filta ipo inafanya kazi ila hakuna anayeisukuma. Kabla hujashika bisibisi angalia nobu ya sensitiviti, angalia voliyumu ya gitaa, pikapu (vinasa sauti chini ya nyuzi) za koili moja huwa na sauti ndogo kwa hiyo inabidi uipandishe zaidi. Halafu angalia kilichotangulia. Watu wengi wanaweka kompresa au distoshen (ya kukwaruza sauti) kabla yake, na kompresa kazi yake ni kusawazisha kubwa na ndogo, sasa msikilizaji atasikia tofauti gani? Kutoka kwenye gitaa ingiza moja kwa moja kwenye envelopu filta, vingine vifuate nyuma. Na kama ni besi yenye betri ndani na filta inabaki wazi muda wote, hapo ni kinyume, sauti ni kubwa mno, shusha sensitiviti.

Umeme nao. Pedali nyingi za sasa ni volti 9 na hasi iko katikati ya pini, lakini siyo zote, soma kwenye boksi lako na kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Mu-Tron III za zamani zilikuwa zinatumia betri mbili za volti 9, ukiweka moja usishangae isipofanya kazi.

Ikibidi kufungua, shika mita, weka volti za DC pale saketi ya dayodi inapotoka, mtu mwingine agonge nyuzi. Volti ikipanda na kushuka, msikilizaji mzima, tafuta kuanzia kwenye kitaa kwenda mbele. Isiposogea, ni dayodi, au kapasita iliyokauka, au ile aisii (chipu) inayokuza sauti kabla ya dayodi. Na kama rezista ya mwanga iko wazi, haijafungwa kwenye kifuko cheusi, imulike na tochi ya simu huku unapiga, sauti ikifunguka filta yako haina tatizo lolote. Ila uwe kwenye kivuli, maana mfuniko ukiwa wazi mchana jua linaingia na kuifungua filta lenyewe, halafu fundi anatoa hukumu nyingine ya uongo.

Isipotoa sauti kabisa, hata ukiizima, hilo halihusu envelopu wala filta, anza na jeki na swichi, huku kwetu ziwani unyevu unazila.

Ukienda kwa fundi usimwambie wawa imekufa. Mwambie ni envelopu filta, sauti inapita ila haifunguki nikigonga, naomba uanze na upande wa dayodi kabla hujagusa filta.