Michael Thomas Bass: bia ya Burton, maktaba ya Derby na watumishi wa reli

Ukifanya kazi ya kupika bia, haipiti muda kabla hujakutana na jina la Burton upon Trent. Ni mji mdogo wa Staffordshire, katikati ya Uingereza, na maji ya visima vyake hupita kwenye tabaka za jasi. Jasi hiyo huyapa maji kalisi na salfeti kwa wingi. Bia ya rangi hafifu ikipikwa kwa maji ya namna hiyo hutulia, hung'aa, na uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, huja wazi bila kukwaruza koo. Mpaka leo, sisi ambao maji yetu ni laini hupima jasi na kuitia kwenye maji ili tuyakaribie ya Burton. Leo lakini sitaki kuandika juu ya maji. Nataka kumweleza mtu aliyeyageuza maji hayo kuwa utajiri, kisha akautumia utajiri huo kwa njia ambayo naona haisifiwi inavyostahili.

Michael Thomas Bass alizaliwa Burton mwaka 1799. Babu yake, William Bass, alikuwa na biashara ya kusafirisha mizigo kabla ya kufungua kiwanda cha bia mwaka 1777. Siku hizo bia ya Burton ilikuwa nzito, tamu, yenye rangi iliyokolea, na soko lake kubwa lilikuwa nchi za Baltiki na Urusi. Mapipa yalishuka kwa mto Trent hadi bandari ya Hull, kisha yakapakiwa merikebuni. Vita vya Napoleon vikaivuruga biashara hiyo, na ushuru ambao Urusi iliuweka mwaka 1822 ukaimaliza. Wapishi wa Burton walilazimika kutafuta wanywaji wengine.

Waliwapata India. Kiwanda cha Hodgson cha London kilikuwa kimeshika soko la Waingereza waliokuwa Calcutta na Bombay kwa bia ya rangi hafifu yenye hopsi nyingi, inayostahimili safari ndefu ya kuizunguka Afrika. Samuel Allsopp wa Burton akajaribu kuiga, na maji ya jasi yakampa bia iliyong'aa kuliko ile ya Hodgson. Familia ya Bass haikukawia kufuata. Michael Thomas, aliyeingia kiwandani akiwa kijana wa miaka 18, alishika uongozi mwaka 1827, na kutoka hapo biashara ilikua kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana katika kazi yetu.

Kilichoikuza ni reli, na hili nataka lishikwe vizuri kwa sababu lina uzito huko mbele. Reli ilifika Burton mwaka 1839. Kabla yake, pipa la kwenda London lilitegemea mifereji na mashua. Baada yake bia ilifika kila mji wa Uingereza ikiwa katika hali njema. Kampuni ya reli ya Midland ilipojenga stesheni yake ya London, St Pancras, iliyofunguliwa mwaka 1868, ghorofa ya chini ya majukwaa ilikusudiwa kuwa ghala la bia ya Burton. Mhandisi wake, William Henry Barlow, alipanga nafasi kati ya nguzo za chuma kwa kufuata vipimo vya mapipa. Abiria wa treni za Ulaya wanaopita hapo leo wanatembea katikati ya nguzo hizo.

Kufikia mwaka 1877 Bass kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani, kikitoa takriban mapipa milioni 1 kwa mwaka. Kila pipa la Kiingereza ni galoni 36, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya lita milioni 160. Tarehe 1 Januari 1876, sheria ya kusajili alama za biashara ilipoanza kutumika Uingereza, pembetatu nyekundu ya Bass iliandikishwa kuwa alama nambari 1. Kemia nayo ilikuwa na kiti kiwandani: Cornelius O'Sullivan, aliyefanya kazi humo, ndiye aliyethibitisha mwaka 1872 kwamba maltosi, sukari inayopatikana kwenye kimea, ni sukari ya aina yake peke yake. Anayefundisha hatua ya kuloweka kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, leo anasimama juu ya kazi ya mtu huyo.

Sasa tuje kwenye kutoa. Bass alikuwa mbunge wa Derby, mji jirani, kwa tiketi ya chama cha Liberal tangu 1848 hadi 1883. Aliupa mji huo uwanja wa michezo kando ya mto, mabwawa ya kuogelea, na maktaba pamoja na makumbusho vilivyofunguliwa mwaka 1879. Burton aliijengea kanisa la St Paul na ukumbi wa jumuiya ambao baadaye ukawa makao ya halmashauri ya mji. Sanamu yake, kazi ya Joseph Boehm, imesimama Derby. Wengi wanaoandika juu yake huishia hapo, kwenye mawe.

Siyadharau mawe hayo. Maktaba ya bure kwa fundi wa mwaka 1879 ilikuwa neema kubwa. Lakini fedha hizo zilitoka kwenye glasi za watu ambao wengi wao walikuwa maskini, na wapinzani wa ulevi, waliokuwa na nguvu ndani ya chama chake mwenyewe, walilisema hilo kila walipopata nafasi. Pia zilitoka kwenye migongo. Katika nyumba za kimea za Burton shayiri iligeuzwa kwa majembe ya mbao, usiku na mchana, kisha ikakaushwa kwenye matanuri yenye joto kali. Wanaume wa Norfolk na Suffolk walikuja kila mwaka baada ya mavuno, wakafanya kazi hiyo msimu wote wa baridi, na ulipokwisha wakarudi kwao. Mtu akiniuliza kama majengo yanalipa deni hilo, nitamjibu kwamba hayalipi.

Kilichonifanya nimheshimu ni jambo lingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 watumishi wa reli wa Uingereza walikuwa wakifanya zamu za saa 15, 16, hata zaidi. Dereva au mwashiria, yaani mtoa ishara kwa treni, aliyesinzia aliwaua abiria, na wafanyakazi wenyewe walikufa kwa mamia kila mwaka, hasa wale wa kuunganisha mabehewa. Aliyelalamika alifukuzwa, na kampuni nyingine zilikuwa na njia za kujua jina lake. Chama imara cha kuwatetea hakikuwapo. Bass alilichukua suala la saa za kazi akalipeleka bungeni, na mwaka 1871 wafanyakazi walipoanza kujipanga aliwasaidia kwa fedha na kwa jina lake. Chama kilichozaliwa kikaitwa Amalgamated Society of Railway Servants.

Fikirini alikuwa nani. Mapipa yake yote yalitegemea treni hizo. Kampuni ya Midland, yenye makao Derby, ilikuwa mshirika wake mkubwa wa biashara, na zamu ndefu zilisaidia kushusha gharama za usafiri. Mtu mwenye masilahi kama yake alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Najua kuna jibu: sheria ya uchaguzi ya 1867 iliwapa kura wafanyakazi wengi wa mijini, na Derby ilijaa watu wa reli. Nakubali kura zilikuwamo kwenye hesabu. Hata hivyo mbunge aliyekuwa amekalia kiti chake zaidi ya miaka 20, na ambaye tayari alikuwa ameupa mji uwanja, angeweza kuchaguliwa tena bila kugombana na kampuni.

Wala hakuwa malaika wa maskini wote. Sheria ya 1864 ya kuwadhibiti wapiga muziki wa mitaani wa London ilipita kwa juhudi zake. Iliwapa wenye nyumba uwezo wa kuwafukuza wapiga vinanda vya kuzungusha, wengi wao Waitaliano waliotafuta riziki kwa sarafu ndogo. Matajiri na wasomi, akiwamo mwanahisabati Charles Babbage, walimshangilia. Mimi naiona sheria hiyo kuwa ya kikatili, na siwezi kuiruka kwa sababu tu aliyeileta alifanya mema kwingine. Kwa upande mwingine alipigania watu wasifungwe jela kwa madeni madogo.

Alipewa nafasi ya kupokea vyeo vya heshima akakataa. Mwanawe, Michael Arthur, ndiye aliyepewa cheo mwaka 1882, baba akiwa hai, na mwaka 1886 akawa Baron Burton. Mzee mwenyewe alifariki tarehe 29 Aprili 1884 nyumbani kwake Rangemore.

Chama cha watumishi wa reli kilianza kwa upole, kikiogopa migomo na kikitegemea hisani ya watu kama Bass. Hakikubaki hivyo. Mwaka 1899 hoja iliyoutaka mkutano mkuu wa vyama vya wafanyakazi uandae njia ya kupeleka wabunge wake wenyewe ilitoka kwa mwanachama wake wa Doncaster, Thomas Steels. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati ambayo mwaka 1906 ilichukua jina la chama cha Labour. Uchaguzi mkuu wa 1900 ulipofanyika, kamati hiyo ilipata wabunge wawili tu nchi nzima. Mmoja alikuwa Keir Hardie. Wa pili alikuwa Richard Bell, katibu mkuu wa chama cha watumishi wa reli, na waliomchagua ni wapiga kura wa Derby, jimbo lilelile la Bass.