Je, wajua? Hamburger haina nguruwe, na Hamburg ni mji

Hili nilikosea mwenyewe tena kwa sauti kubwa. Tulikuwa Tanga mjini, kwenye mgahawa wa baga, ile ya matawi matawi, menyu iko juu ukutani na picha zinang'aa kuliko chakula chenyewe, nipo na mama mdogo kaja kutoka Pangani kutembea. Akasoma polepole, ham-bur-ger, akaniuliza, "Mwanangu, hii ham si ndo nguruwe?" Badala ya kunyamaza nikajitia profesa, eti ndiyo mama, zamani ilikuwa nguruwe, baadaye ndo wakaweka ng'ombe. Nilitunga palepale. Mama mdogo akavuta mtandio wake akaagiza chipsi kavu.

Sasa ukweli. Ham kwa Kiingereza ni paja la nguruwe kweli, ila kwenye hamburger hiyo ham haimo. Neno limetoka Hamburg, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, kwenye mto Elbe. Kwa Kijerumani jina la mji ukilitia -er mwishoni unapata mtu au kitu cha huko, kwa hiyo Hamburger ni "wa Hamburg" basi, kama soseji ya Frankfurter ilivyo ya Frankfurt. Sisi wenyewe tuna merikani, kile kitambaa cha pamba, kiliitwa hivyo kwa sababu kililetwa na Wamarekani na hakuna aliyekichana kutafuta Mmarekani ndani. Halafu Wajerumani paja la nguruwe wanaliita Schinken, yaani hata wangeliweka wasingeliita ham.

Jina lilivuka bahari, karne ya 19 Marekani walikuwa wanauza nyama ya kusaga kwa jina la Hamburg steak. Nani aliitia kwenye mkate kwanza? Wanagombania mpaka leo, Seymour kule Wisconsin wanasema wao mwaka 1885, New Haven wanasema wao mwaka 1900, mimi siingilii. Mgahawa wa kwanza wa baga wa matawi matawi ni White Castle, Wichita, Kansas, mwaka 1921.

Utamu uko kwenye hilo neno "baga" maana kwa Kijerumani halikuwepo kama chakula, limezaliwa kwa kukata vibaya. Chukulia kuku. Fundi anapitisha kisu kwenye kiungo, na kiungo hapa ni Hamburg + er. Mzungumzaji wa Kiingereza akasikia ham, neno analolijua tena la nyama, kisu kikapita hapo, ham + burger, kavunja mfupa lakini kipande kimepatikana na kinapikika. Kikishakuwa peke yake unakibandika popote: cheeseburger, fishburger, baga ya kuku.

Na usiwacheke maana sisi tumefanya hivyohivyo. Kitabu ni Kiarabu, kitab, hiyo ki ni sehemu ya neno lenyewe, wenyewe wingi wao ni kutub. Sisi tukasikia ki kama ya kiti na kisu, tukakata, tukapata vitabu. Kipilefti ndo kali zaidi, kibao kiliandikwa keep left, tukapata kipilefti kimoja na vipilefti viwili, ki iliyokatwa kutoka kwenye keep ya watu!

Na "burg" yenyewe ni ngome, mji ulianzia kwenye ngome ya Hammaburg karne ya 9 (hiyo hamma wataalamu bado wanabishana maana yake). Ukilikata kihalali basi fishburger ni samaki wa ngomeni.

Ila jina kuwa safi hakukwambii nyama imechinjwaje, hilo ni swali la jikoni, waulize.

Kinachonichekesha ni kwamba Hamburg si mgeni Tanga hata kidogo. Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni ya meli iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1890, meli zake zilikuwa zinatia nanga hapahapa kwetu, mabaharia wa Hamburg wameshuka Tanga, mahamburger halisi hayo, yenye miguu. Nikampigia simu mama mdogo kumweleza yote, meli, ngome, vipilefti, akanisikiliza hadi mwisho kwa heshima zake.

"Haya mwanangu, nimekuelewa. Na ile bekoni pale ukutani, nayo ni mji?"

Hapana mama. Hiyo ni nguruwe kweli.