Je, wajua? Manusura wa mauaji ya Wayahudi walinaswa sauti kwenye waya mwaka 1946

Wengi huamini kwamba Wayahudi walionusurika mauaji ya kimbari ya Wanazi walinyamaza hadi kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyesimamia kusafirishwa kwa Wayahudi kwenda kambi za mauaji, ilipofunguliwa Jerusalem mwaka 1961. Si kweli, na kulirudia dai hilo ni kuwadhulumu. Agosti 1944, vita vikiendelea, manusura waliokuwa Lublin, Poland, waliunda tume ya historia, ambayo baadaye iliongozwa na Philip Friedman. Ilikusanya shuhuda zipatazo 7,000. Nchini Hungaria, kamati ya kuwasaidia waliorejea kutoka kambini iliwahoji watu karibu 5,000 mnamo 1945 na 1946. Wapo ambao hawakusema neno maisha yao yote. Lakini wengi walisema mapema, kwa Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki), Kipolandi na Kihungari, na maneno yao yakabaki kwenye majalada yaliyosomwa na wachache.

Wengine tunaweza kuwasikia hata leo. Mwaka 1946 mwanasaikolojia David Boder alitoka Chicago na kinasa sauti cha waya, akawahoji watu wapatao 130 huko Ufaransa, Uswisi, Italia na Ujerumani. Boder aliketi nyuma ya msimulizi ili sura ya uso wa Boder isiathiri usimulizi.

Waya mwembamba wa chuma ulitoka rili moja (kigurudumu cha kuviringishia waya) kwenda nyingine, kama uzi wa cherehani, ukipita kwenye kichwa cha kunasia, yaani sumaku-umeme ndogo. Mikrofoni iligeuza sauti kuwa umeme. Umeme ukabadilisha nguvu ya sumaku ya kichwa hicho. Kila sehemu ya waya ikabaki na sumaku kali au hafifu, kulingana na sauti ya wakati huo. Waya ukipitishwa tena, sumaku hiyo huzalisha umeme mdogo unaorudishwa kuwa sauti.

Udhaifu wake ni umbo la mviringo: waya ukijisokota, upande ulionasa sauti huacha kukielekea kichwa, na maneno husikika yamefifia. Ukilegea, hujifunga mafundo. Ukikatika, ncha mbili hufungwa pamoja na masalio kupunguzwa. Saa 90 na ushei zilihitaji rili 200, yaani chini ya nusu saa kwa kila rili, hivyo usimulizi ulikatizwa mara kwa mara ili kubadilisha.

Rili moja ya Boder yenye nyimbo zilizoimbwa na manusura huko Hénonville, Ufaransa, ilipotea kwa miongo mingi. Ilipopatikana katika Chuo Kikuu cha Akron, Marekani, ilibidi kwanza itengenezwe mashine ya kuichezesha.