Mkono wa mgonjwa wa kiharusi haujafa
Nyumbani husemwa, "Mkono umeshakufa, mwacheni mzee apumzike." Si kweli. Kiharusi hutokea kwenye ubongo, mshipa wa damu unapoziba au kupasuka, na sehemu inayouamuru mkono ikaumia. Mkono wenyewe upo, ila amri haziufikii. Ubongo unaweza kujifunza njia nyingine, lakini kwa kurudiarudia: kushika kikombe cha uji, kufunga kifungo kimoja cha shati, leo, kesho, mara mia. Tukimlisha na kumvisha kila siku (huruma hiyo naielewa sana) tunamnyima mazoezi hayo. Nafuu kubwa huonekana miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, ila haikomi hapo. Dawa za presha asiziache hata akijisikia mzima, kwani kiharusi kinaweza kurudi.