Mwendo wa hadithi ni nini? Tuutazame kwenye manga ya yuri

Mwendo wa hadithi ni kasi ambayo mambo yanamfikia msomaji: lini anaelezwa jambo, anaachwa nalo muda gani, lini anapewa linalofuata. Wengi huupima kwa kuhesabu matukio. Sura kumi zimepita, wapenzi hawajaambiana kitu, basi hadithi inajikokota. Mimi huuliza swali jingine: mhusika niliyefunga naye sura hii ndiye yuleyule niliyeianza naye? Akiwa amesogea hata kidogo, hadithi inatembea.

Manga ni hadithi za picha za Kijapani. Yuri kwa Kijapani ni yungiyungi, na ndilo jina la hadithi za mapenzi kati ya wasichana au wanawake. Mfano ninaourudia kila mara ni Yagate Kimi ni Naru ya Nakatani Nio, wengine wanaijua kama Bloom Into You, iliyotoka sura kwa sura kuanzia 2015 hadi 2019 na kukusanywa katika juzuu 8.

Mhusika mkuu, msichana aitwaye Yuu, ametongozwa na mvulana waliyesoma naye na hakuhisi chochote. Maneno ya nyimbo za mapenzi anayajua, ila moyo haushtuki. Touko, msichana aliyemtangulia darasa moja, anampenda kwa sababu hiyohiyo: mtu asiyempenda yeyote kwa namna ya pekee hatamdai awe mtu fulani.

Siku moja wako kwenye kivuko cha reli. Treni inapita, na Touko anambusu. Tuko juzuu ya kwanza tu! Hadithi nyingi za mapenzi zingeliweka busu hilo mwishoni, ili msomaji alingoje kwa hamu. Hapa linatolewa mapema, kisha tunamwona Yuu akijipima moyo na kuukuta umetulia vilevile. Tukio limekwenda mbio, mhusika amebaki palepale. Pengo hilo ndilo linalozivuta juzuu zote zinazofuata, maana Yuu ataanza kupenda polepole, na atalazimika kulificha hilo kwa mtu aliyemwomba asimpende.

Kwenye somo la fasihi tulifundishwa kwamba mhusika bapa habadiliki na mhusika duara hubadilika. Sawa kabisa, ila kubadilika kunataka nafasi. Touko anaishi kwa kumwigiza dada yake aliyekufa ajalini. Angeacha katika sura moja, nisingemwamini. Nakatani anampa mchezo wa kuigiza wa shule: msichana aliyepoteza kumbukumbu amelazwa hospitalini, na kila anayekuja kumwona anamweleza kuwa alikuwa mtu tofauti. Yuu anamwomba mwandishi wa mchezo abadilishe mwisho, msichana yule achague kuwa huyu wa sasa. Touko inambidi akariri maneno hayo, ayafanyie mazoezi, ayatamke mbele ya watu. Ndiyo maana anapobadilika hatushangai.

Katika manga mwendo huongozwa na kisanduku cha picha. Visanduku vidogo vilivyojaa maneno hulisukuma jicho; kikubwa kisicho na neno hulisimamisha. Uso uliochorwa mara tatu mfululizo, macho tu yakishuka kidogo, unaweza kusema zaidi ya ukurasa wa maelezo.

Kujikokota kwenyewe kupo, tena kunaudhi. Ni pale ugomvi ambao ungeisha kwa neno moja unapovutwa juzuu nzima, au anapoletwa mshindani mpya na wote wakatoka kama walivyoingia.

Sayaka, rafiki wa Touko, ndiye anayenigusa zaidi. Amempenda kimya kimya kwa muda mrefu, akingoja wakati mwafaka. Anamwambia Touko hivyo katika ziara ya shule huko Kyoto, na anakataliwa. Kukataliwa kwenyewe ni jambo la kurasa chache, lakini niliposoma nilifunga kitabu kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimemwona akinyamaza tangu mwanzo.